Kutoka mfuko wa unga mpaka kava ya mchezo: picha moja inaweza kuuzisha kazi ya miaka miwili, ao kuizika



Kwenye ukurasa huu wenzetu wa historia wanatuandikia mambo makubwa: Msiri na Bunkeya, reli, shaba. Mimi ni mtu wa agronomia, lisansi yangu ni ya udongo na mahindi. Lakini leo niko naleta historia ya kitu kidogo sana, kitu cha ukubwa wa kidole gumba kwenye telefone yako: ile picha ya mbele ya mchezo wa video, yenye inakufanya ubonyeze ao upite. Niliingia mu hii habari bila kupenda, na nilipotoka niliona kama sisi watu wa Katanga tulikuwa na somo hilo nyumbani siku nyingi, likining'inia kwenye ukuta wa salon.

Nianze na mwenzangu. Tulikulia wote Lubudi, karibu na reli ile inayotoka Tenke kwenda Kamina. Yeye alisoma informatike. Kwa miaka miwili alitengeneza mchezo wake peke yake, usiku, siku zenye umeme uko, kwenye mashine moja ya zamani yenye kibodi imepoteza herufi mbili. Mchezo ni huu: wewe ni mkulima wa kwetu, uko na mbegu ya msimu mmoja tu. Mvua ya kwanza inanyesha mwisho wa Oktoba. Unapanda ama unangoja? Wenye kulima wanajua hiyo hesabu. Kuna mvua ya kudanganya: inanyesha siku mbili, mbegu inaota, halafu jua linawaka wiki tatu na kila kitu kinakauka. Ukingoja sana nayo, mahindi yanachelewa na kiwavi jeshi anakukuta. (Huyo mdudu alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na tangu hapo hatujapumua.) Mwenzangu aliniita nimsaidie kwa upande wa kilimo, nami nikampa tarehe, nafasi za mistari, magonjwa, yote. Mchezo ni mzuri. Sisemi juu ni rafiki: nilipanda mara sita na nikalala njaa mara tano.

Lakini kwao walikuwa wamechoka. Munajua maneno ya huku kwetu: «Benzako beko nashuka ku mine, beko narudia na makuta. Weye uko naangalia mashine.» Akakata maneno na baba yake: kama mpaka mwisho wa mvua mchezo haujasogea, ataifunga mashine na kwenda kuchimba kama wengine. Wote tunajua mashimo yale. Kila mtu hapa ana jina moja ao mawili ya vijana wenye walishuka na hawakupanda tena. Kwa hiyo kwetu ile picha ndogo haikuwa mapambo.

Mchezo tukauweka kwenye itch.io, duka la mtandaoni lililoanza 2013, ambako mtu anaweka kazi yake bila kulipa kiingilio. Na kava tukaitengeneza wenyewe. Tuliweka mkulima anayecheka, gunia la mahindi, trakta (ndani ya mchezo hakuna trakta!), mlima, jua, kiwavi, ramani ya Lualaba, na juu yake jina la Kifaransa la maneno manne, refu kama kichwa cha TFC. Tulijisifu. Mwezi wa kwanza waliofungua hawakufika kumi, na watatu kati yao ni sisi na ndugu zetu. Nikamwonyesha dada yangu mdogo, yuko humanité ya pili. Akatazama akasema: «Yaya, hii ni affiche ya ba ONG? Beko napana mbegu?»

Basi. Yeye alikuwa mkweli kuliko sisi wote. Picha yetu ilisema mambo mengi na haikusema hata moja.

Wakati ule nilikuwa nalala Kolwezi kwa baba mkubwa, nafuata makaratasi ya kazi. Kwenye salon yake kuna mchoro wa zamani uliorithiwa, umechorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Munaujua, ao bababu zenu waliujua: mzungu wa koloni amesimama, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, bendera ya Ubelgiji iko juu. Watu wanauita tu Colonie Belge. Nilikuwa nimeuona tangu utoto. Ile wiki, juu ya hasira ya kava yetu, nikauangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kazi yake ilikosea wapi. Nikaona jambo: kila mgeni anayeingia salon ile, kabla hajaketi vizuri, anasema kitu. Mmoja anasimulia babu yake. Mwingine anasema: hata leo, fimbo imebadilika mkono tu. Hakuna maelezo chini ya mchoro. Hauhitaji.

Michoro ya namna hiyo ina historia yake. Miaka ya 1960 na 1970, katika miji ya Katanga, vijana wenye hawakupita shule ya sanaa walichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga na kuuza kwa watu wa kawaida: wafanyakazi wa mgodi, makarani, walimu. Mteja hakuwa mzungu wa makumbusho. Alikuwa baba mwenye mshahara mdogo anayetaka kitu cha kuning'iniza nyumbani. Mchoraji alijua vichwa vinavyouzika na alivirudia mara nyingi: Colonie Belge, Lumumba, mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. Mwenye kujulikana zaidi kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yetu, michoro zaidi ya 100, na maneno yake yakarekodiwa katika Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Fabian alikuja kutoa kitabu chake mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua yuko wapi. Alitaka aitwe mwanahistoria, na haki yake.

Kuna neno moja ambalo wachoraji na wateja wao walitumia, nalo Fabian alilishika sana: ukumbusho. Mchoro mzuri ni ule wa ukumbusho. Haukupi habari yote, unakuamshia habari yenye uko nayo tayari, ama unakufanya uitafute. Mchoraji wa Colonie Belge hakuchora miaka yote ya koloni. Alichora dakika moja ya asubuhi moja, yenye watu watatu na fimbo. Hiyo dakika inabeba yote.

Nikarudi kwenye kava yetu nikaona kosa. Tulichora orodha, ni kama tuliandika yaliyomo ya kitabu mahali pa jalada.

Sasa tusidhani hilo ni jambo la Katanga pekee. Wenye walianzisha biashara ya michezo ya video nao walijifunza polepole. Mwaka 1979, kule Texas, kijana Richard Garriott alitengeneza mchezo wake Akalabeth, na nakala za kwanza aliziuza ndani ya mifuko ya plastiki, ile ya kufungia vyakula. Kava alichora mama yake. Nilipenda hiyo habari: miaka karibu ileile, huku kwetu mfuko wa unga, kule mfuko wa plastiki, na kila mmoja anatafuta namna mtu asimame mbele ya kazi yake.

Upande wa wakubwa, Atari ilitoa mashine yake mwaka 1977 pamoja na michezo tisa. Ukifungua mmoja, Combat, kwenye skrini ulikuwa unaona vipande vya mraba vinavyosukumana, na hiyo ndiyo vita. Lakini boksi yake ilichorwa na Cliff Spohn kwa rangi za mkono: vifaru, ndege, moshi, mambo ya sinema. Watu wengine wanasema ulikuwa uongo. Mimi naona kati. Boksi ilisaidia akili ya mtoto kujaza kile skrini haikuweza. Walakini ilichora kitendo chenyewe cha mchezo: kupigana, wachezaji wawili. Haikuweka trakta mahali hakuna trakta. Nafikiri mpaka wa kava uko hapo. Unaweza kuchora kwa uzuri kupita mchezo wako, lakini usichore kitu ambacho mchezaji hatakifanya. Atakayedanganywa mara moja atakuandikia maneno mabaya hadharani, na mtu wa pili atayasoma.

Mfano mwingine unaofundisha ni Ico, mchezo wa Kijapani wa 2001. Mtengenezaji wake, Fumito Ueda, alichora mwenyewe kava ya Japani na Ulaya, akifuata mtindo wa mchoraji Giorgio de Chirico: jengo kubwa, vivuli virefu, na watoto wawili wadogo sana wakikimbia huku wameshikana mikono. Kushikana mikono ndiko kazi yote ya mchezo ule, unamshika msichana mkono na kumtoa kwenye ngome. Marekani iliwekwa kava nyingine, yenye uso wa mvulana mkubwa mbele na vitu vingine vimerundikwa nyuma yake. Kule haukuuzika vizuri, na mpaka leo watu wakihesabu kava mbaya wanaitaja. Siwezi kusema kava peke yake ilifanya hivyo. Ila ukiziweka hizo mbili pamoja, moja inakuambia utafanya nini, nyingine inakuambia tu kuna mtu.

Wakati wa maboksi, kava ilikuwa na ukubwa wa kitabu. Leo hapana. Kwenye itch.io picha inayoshauriwa ni pikseli 630 kwa 500, na kwenye orodha inaonekana ndogo zaidi. Kwenye Google Play ikoni yako ni 512 kwa 512, lakini jichoni pa mtu mwenye telefone ya bei ndogo ni ukucha. Kwenye Steam, duka kubwa la kompyuta, tangu 2017 unalipa dola 100 kwa kila mchezo unaotaka kuuza (kwangu mimi hiyo ni mifuko ya mbolea), na picha yako inakaa katikati ya mamia nyingine. Tangu Septemba 2022 Steam imekataza kuandika juu ya picha hizo maneno ya kujisifu, zawadi, alama za magazeti ao bei iliyopunguzwa. Jina la mchezo na mchoro tu. Ni kama wameturudisha kwa mfuko wa unga: hakuna maelezo chini, mchoro usimame wenyewe.

Kuna wa kwetu wenye wamesimama hapo. Lual Mayen, mtoto wa Sudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda, mama yake aliweka pesa kidogo kidogo miaka mitatu mpaka akamnunulia kompyuta ya dola 300. Mchezo wake wa kukimbia vita aliuita neno moja, Salaam, na mwaka 2018 akatukuzwa kwenye The Game Awards. Abubakar Salim, mwenye asili ya Kenya, alimpoteza baba yake mwaka 2013. Huzuni ile akaitengenezea mchezo, Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024, na unaweza kuucheza na sauti za Kiswahili. Kijana Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na picha za matangazo zimejengwa juu ya rangi hizo mbili: chungwa la moto na buluu ya baridi. Hata ukipunguza picha ikawa kama punje, zile rangi mbili zinabaki. Hakuweka Afrika yote ndani, simba, mbuyu na ngoma. Aliweka kijana mmoja na yale yanayomvuta pande mbili.

Mwenzangu aliponisikiliza alinipinga, na alikuwa na haki kwa sehemu. Aliniambia: «Colonie Belge ilifanya kazi juu bantu bote balijua ile habari. Muntu wa Brazil ao wa Japani, atajua nini ya mvua ya Lubudi?» Ni swali gumu. Mteja wa Tshibumba aliingia na kumbukumbu yake mfukoni. Mgeni wa mtandaoni anaingia mikono mitupu. Jibu letu lilitoka shambani. Mtu wa Japani hajui Lubudi, ndiyo, lakini anajua kushika kitu chako cha mwisho mkononi na kutojua kama wakati umefika. Hiyo kila mtu iko naye.

Tukaanza upya. Tuliandika kwanza kwa sentensi moja kile mchezaji anachofanya: unaamua lini upande mbegu yako. Yasiyo katika sentensi hiyo tukayatoa: trakta, ramani, jua linalocheka, hata mkulima. Ukabaki mkono uliofunguka juu ya shimo, punje ndani yake, na wingu. Jina tukalikata likawa neno moja la Kiswahili: Mvua. Mchoro tulimpa kijana mmoja wa Kolwezi anayeandika mabango ya nganda na vinyozi. Mikono hiyo inajua kusimamisha mtu wa barabarani, kupita programu zetu zote.

Jaribio la kwanza lilikuwa zuri likiwa kubwa. Tulipolipunguza mpaka ukubwa wa stempu, punje ikapotea kabisa. Tukaikuza kupita ukweli na kuipaka njano kali, udongo ukawa mwekundu wa kwetu, wingu buluu nzito karibu na nyeusi. Halafu tukaitoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Mkono na wingu vilichanganyika, basi tukaongeza mwanga kati yao. Mwisho tukaionyesha watoto wa kwartie, kila mmoja sekunde tatu hivi, tukafunika telefone na kuuliza: «Mu hii muchezo unafanya nini?» Mara ya kwanza walijibu: «Unaomba makuta.» Mkono uliofunguka, unaona! Tukaugeuza kidogo, vidole vielekee chini kwenye shimo. Mara ya pili mtoto mmoja akasema: «Uko nangojea mvua.» Mwenzangu alisimama akatoka nje, hakutaka tumwone uso.

Sitawadanganya. Hatukutajirika. Lakini baada ya kubadilisha picha hiyo moja tu, bila kugusa mchezo wenyewe, watu wa nchi zenye hatujawahi kukanyaga walianza kufungua, kucheza na kuandika. Mmoja aliuliza: «Mkulima huyo, mvua ikimdanganya, anakula nini?» Mwenzangu alisoma hilo swali kwa sauti mbele ya baba yake. Mzee alikaa kimya, kisha akasema tu: «Umujibu.» Mvua za mwaka ule zilikwisha na mashine haikufungwa. Mpaka leo hajashuka shimoni.

Ndugu zangu, kati yenu kuna wenye kutengeneza michezo, na kuna wengi zaidi wenye kutengeneza vitu vingine: mbegu, sabuni, programu ya shule, memware yenyewe. Kabla ya kulipa mtu akuchoree, andika sentensi moja: mtu atafanya nini na kazi yangu? Ukishindwa kuiandika, kava haina kosa. Ukiiweza, tafuta ile dakika moja inayobeba yote.

Na kama nyumbani kwenu kuna mchoro wa zamani juu ya mfuko wa unga, msiutupe wakati wa kupaka ukuta rangi mpya. Piga foto, uliza wazee nani aliuchora na walilipa kitu gani, utuandikie hapa chini. Hiyo historia haijaandikwa yote bado.